Lupango ya Monitrice

Watu wa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, walikuwa makundi mawili tu: waliokwisha kupimwa na Monitrice, na waliokuwa wakingoja zamu yao. Utepe wake wa kupimia ulikaa shingoni tangu asubuhi, hata misani, umefichwa chini ya kitambaa. Alipima mlango kabla ya kuingia, mkate kabla ya kununua, na bwana harusi kabla ya padri. Kijana akija kuposa msichana wa darasa letu, Monitrice alimzunguka mara moja bila kumgusa, kisha akatuambia pembeni, "Huyu atanenepa." Na kijana alinenepa, maskini, kana kwamba ameamriwa.

Kazi yake ilikuwa kufundisha ushonaji kwenye foyer, ile nyumba ya cité, mtaa wa watu weusi, ambako akina mama na wasichana walijifunza kushona, kuoka keki na kuosha mtoto kwa sabuni ya Kizungu. Cheo chake kilikuwa monitrice, na kila mtu alimwita hivyo: wauza makala, yaani makaa ya kupikia, katekista, hata marehemu mumewe alipokuwa bado hai na anataka chakula. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake. Zaidi ya hapo nilikuwa jirani yake, kwa kuwa lupango yetu, yaani kiwanja chetu na nyumba iliyomo, ilipakana na lupango yake. Nilimjua kazini, nilimjua nyumbani, na nilimjua alipodhani haonwi.

Alipodhani haonwi, alikula. Darasani alitukataza kabisa kutafuna njiani, akisema msichana anayekula huku anatembea ni mbuzi aliyevaa viatu. Lakini kopo lake la vifungo lilikuwa na vifungo juu na karanga chini, na mkono wake ulizama humo mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Siku moja nusura ashone karanga kwenye kanzu ya katekista. Alifundisha subira, naye hakuwa nayo hata ya kungoja keki. Alifungua tanuri mara tatu nne, na keki zake zote zilikuwa na bonde katikati. Alisema wanaume wote ni waongo, halafu harusini alilia kuliko mama wa bibi harusi.

Na hakukosea. Yaani, hakukubali kukosea. Ukimwonyesha mkono wa blauzi aliouunga kinyume, aliutazama, akauzungusha, akasema mwaka huu huko Ulaya mikono inavaliwa hivyo. Jumapili uliwaona akina mama wawili watatu wanakwenda misa kwa madaha, viwiko vimekaa mahali pa mabega. Nani angebisha? Aliyebisha alirudishwa kwenye somo la kwanza, kutia uzi kwenye sindano.

Uhuru ulitufikia mara mbili ndani ya majuma mawili: kwanza uhuru wa Congo, halafu uhuru wa Katanga kujitenga na Congo. Bendera zilibadilika kabla hatujamaliza kushona zile za kwanza. Mkubwa wa foyer, mama mmoja wa Kizungu, alifunga masanduku akaondoka, na funguo zote zikabaki kwa Monitrice. Alizitia kwenye utepe wake, zikawa zinalia kifuani akitembea, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba anataka uzio wa chuma. Si wa majani kama sisi wote, si wa waya. Wa chuma kilichopindwa pindwa kama dantela, ile lesi ya kola, kama ule wa nyumba za Wazungu upande wa mjini.

"Nyumba bila klotire ni robe bila upindo," aliniambia, uzio ukiwa ndiyo klotire na gauni ndiyo robe. "Inachanika kutoka chini. Kamata kalamu, mutoto. Tunaenda kutafuta fundi."

Basi tukatembea. Yeye mbele na funguo zake, mimi nyuma na kalamu ambayo hakuna siku niliitumia. Lubumbashi wakati ule ilikuwa na vizuizi kila njia panda, mapipa na magogo, askari wa Katanga hapa, askari wa Umoja wa Mataifa wa kofia za buluu kule. Kwenye kila kizuizi Monitrice alimwambia askari kwamba kola yake imekaa vibaya. Wengine walimwacha awatengenezee. Hatukuwahi kuulizwa karatasi.

Wa kwanza alikuwa Mzungu mwenye karakana kubwa karibu na reli. Wa pili alikuwa fundi wa misheni, kijana wa suti ya kahawia, aliyetengeneza milango ya parokia na aliyeongea kama mtu anayesoma risala. Wa tatu alikuwa fundi mwenye banda la mabati nyuma ya soko, mvukuto, nyundo, na mikono iliyojaa alama za cheche. Kila mmoja Monitrice alimpa mtihani uleule. Alitoa leso, sindano, uzi na kifungo, akasema, "Shona."

Mzungu alicheka, akatuonyesha mlango. Fundi wa misheni alisema maneno mengi mazuri kuhusu mikono ya mama zetu, akajidunga kidole, akaomba kuendelea kesho. Yule wa tatu alikaa kwenye kigogo, akaweka leso juu ya goti, akashona kifungo kwa kuvuta kila mshono kwa meno, akakata uzi, akasimama ampe Monitrice leso. Leso ikabaki gotini. Alikuwa ameishona pamoja na suruali yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye makala, na sketi yangu nyeupe. Yeye alijitazama goti, akanitazama mimi, akaanza kucheka pia, na nikajua palepale kwamba nimekwisha. Monitrice alishika kifungo akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, fundi akamfuata kila alikovutwa.

"Hii haitoke," alisema. "Weye njo fundi wangu." Njo yetu ni ndiye ya wengine.

Sasa niseme hatari iliyokuwapo, ili msomaji asidhani ni mambo ya chuma tu. Fundi alikuwa Muluba wa Kasai. Alizaliwa Kipushi, baba yake alichimba migodini maisha yake yote, hakuwahi kuiona hiyo Kasai. Lakini miezi ile watu wa Kasai walioishi nasi, walimu, makarani, wafanyabiashara, waliambiwa wao si watu wa hapa. Wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kambi iliyolindwa na askari wa kofia za buluu, wanangoja treni za kuwapeleka. Kaka yake mkubwa alikuwa huko na mke na watoto, na kila mara alituma neno: njoo, unangoja nini? Fundi alijibu kwamba ana kazi ya uzio, akimaliza atakuja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka uzio ule usiishe kamwe.

Na baba yangu? Baba yangu alikuwa karani wa reli, mtu wa hapa hapa, aliyevaa kwenye koti nishani ya misalaba ya Katanga na kulala nayo, mama alisema, kwenye pajama. Kutamka mbele yake jina la kijana wa Kasai ilikuwa sawa na kumwaga chai kwenye bendera. Nilimpenda baba yangu. Usiku na mchana nilikuwa natafuta mlango wa kumfikia na sikuuona.

Monitrice aliendesha kazi ya chuma kama kazi ya kitambaa. Alipima mbele ya lupango yake mwenyewe, kwa utepe wa shingoni, akisogea kando kando kama kaa, na ole wako umsemeshe. Aligawanya urefu ule katika vipande vilivyo sawa. Kisha akagundisha magazeti ya zamani kwa uji wa muhogo, akachora juu yake maua ya mzunguko aliyoyaiga kutoka kola ya dantela, akakata, ikawa patron moja kubwa ya gazeti, yaani kielelezo cha kutengenezea vipande vyote. Siku ya kuijaribu aliisimamisha mbele ya nyumba, mimi upande huu, yeye upande ule, na barabara nzima ikaja kutoa maoni. Upepo uliinyakua, tukaifukuza mpaka kwa muuza samaki, ikarudi inanuka. Fundi aliilaza kwenye sakafu ya banda lake, akaifuata kwa chaki, na juu ya chaki ile akapinda vyuma vyake, kipande baada ya kipande. Alitaka kuja kupima lupango mwenyewe. Monitrice alimkatalia.

"Nani anapima nyuma ya Monitrice?" aliuliza.

Bawaba za geti hakumpa fundi wetu. Aliziagiza kwa yule wa misheni, wa suti ya kahawia, na kila juma alinituma kwake na keki ili asisahau. Njia ya misheni, kwa bahati ya Mungu, ilipita nyuma ya soko. Keki ilikuwa inafika nusu, au haifiki. Bawaba nazo zilikuwa kesho, kila siku kesho.

Hatimaye vipande vikawa tayari, vimepakwa rangi nyeusi, na fundi akaja na mkokoteni na wasaidizi wa kuchimba mashimo. Walianza kona ya mbali, wakasimamisha kipande cha kwanza, wakamimina saruji, wakaja upande wetu. Ilikuwa kama sherehe. Mama yangu alileta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, watoto walihesabu maua, na Monitrice alikaa kwenye kiti katikati ya barabara, baiskeli zinampita kushoto na kulia. Saa za mchana wakafika mpaka wa lupango yetu. Mbele yao kulikuwa na mwisho wa kiwanja cha Monitrice. Nyuma yao, kwenye mkokoteni, kulikuwa bado na vipande viwili.

Fundi alivitazama, akamtazama Monitrice. Mkono wa Monitrice ulipanda mpaka kwenye utepe, ukashuka. Alisimama, akakung'uta sketi.

"Iendelee," alisema.

"Iende wapi, Mama?" fundi aliuliza. "Pale ni kwa jirani."

"Mi nilisema iishie hapa? Iendelee."

Wakaendelea. Walivisimamisha vipande viwili mbele ya nyumba yetu, wakamimina saruji, na ikawa kwamba nyumba yetu kuanzia upande wake mpaka mbele ya mlango ina uzio wa chuma wa dantela, na kuanzia mlango mpaka upande wa pili ina majani yaleyale yaliyoliwa na mbuzi. Mama yangu alijifunika mdomo kwa kikwembe, kitenge chake. Baba alikuwa bado kazini.

Alirudi jioni kwa baiskeli. Nilimwona kutoka dirishani. Alifika, akateremka, akaitazama nyumba, akapanda tena, akaendesha mpaka kona, akasoma kibao cha barabara, akarudi. Monitrice alikuwa anamngoja pale kwenye mpaka, mikono imekunjwa juu ya funguo.

"Mama Monitrice," baba alisema, "hii ni nini?"

"Ni zawadi, Bwana Karani."

"Zawadi ya nini?"

"Ya ujirani."

Baba alitembea mpaka mwisho wa chuma. Alionyesha majani. "Na upande huu?"

"Upande ule ni wako," alisema Monitrice, akaingia ndani kwake, akafunga.

Mjue Kamalondo. Kabla ya giza kuingia barabara yote ilikuwa imekwisha kusema kwamba nyumba ya Bwana Karani imevaa soksi moja. Wapita njia walisimama upande wa chuma, wakasalimia kwa heshima zote, "Jambo, papa," halafu wakavuka upande wa majani wakasalimia tena, "Habari, ndugu," kama watu wawili tofauti wanaishi mle. Kung'oa? Saruji ilikwisha kukauka, na zawadi ya mjane haing'olewi mbele za watu. Mama alisema ikitoka, naye anatoka.

Ikabidi baba atafute fundi. Alienda kwa Mzungu wa karibu na reli. Karakana ilifungwa, mwenyewe alikwisha kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na mali yake. Alienda kwa yule wa misheni. Alipokelewa vizuri sana, alipewa kiti, akaambiwa kesho. Aliambiwa kesho mpaka akaanza kuliota hilo neno. Mwisho alikuja jikoni, akasimama, akasafisha koo, akasema bila kumtazama mtu kwamba yule kijana wa Monitrice aje, lakini mchana tu, na asiketi.

Alikuja. Sijui niliosha vyombo vingapi siku ile ambavyo havikuwa vichafu.

"Unatoka wapi?" baba alimuuliza.

"Natoka ku kazi, papa."

"Nauliza inchi."

"Inchi njo hii. Nilizaliwa Kipushi, papa."

Baba alimeza hiyo polepole. Kisha akatoa sharti lake. Maua ya dantela hakuyataka, maua ni ya wanawake. Upande wake ungekuwa na misalaba ya shaba, ile ya bendera, ile waliyofanyia biashara babu zetu. Misalaba ya Katanga, kila kipande. Na ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa ajabu: kijana wa Kasai anayetakiwa aondoke alikaa kwenye lupango ya mfuasi mkubwa kuliko wote wa barabara yetu, anafua misalaba ya Katanga kwa moto, na mwenye nyumba ameketi karibu na bendera magotini kulinganisha.

Hawakukubaliana hata mara moja. Baba alisema msalaba umelala. Fundi alisema, "Papa, ni kichwa chako kimelala." Mama alishika ukuta. Baba alinyoosha kichwa, akatazama tena, akasema sawa, lakini ule mwingine umelala. Baba alianza kurudi mapema kazini. Alianza kumletea munkoyo, ili, alisema, amsimamie vizuri. Siku ya kumsikia anasema "fundi wangu" kwa mtu wa barabarani, nilikata vitunguu vya juma zima ili nipate sababu ya macho yangu.

Halafu wakaja vijana wa chama kilichotawala Katanga. Ilikuwa Jumamosi mchana, kundi zima, na vitambaa mikononi na marungu, na mmoja wao nilisoma naye. Waliingia pale penye majani, upande usiokuwa na uzio bado. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria ya maharagwe. Nilikaa juu ya gunia la makala nikashika sufuria ya moto bila kuhisi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kabla ya siku ile au baada yake.

"Papa," mkubwa wao alisema, "banasema kuko Muluba wa Kasai hapa."

Baba alisimama na bendera yake. "Hapa kuko fundi wangu."

"Njo yeye, papa. Tunamutaka."

"Munaona anashika nini?"

Fundi alikuwa ameshika koleo, na kwenye koleo kulikuwa na msalaba mwekundu wa moto. Hakusogea.

"Huyu anafanya kazi ya inchi," baba alisema. "Iko bado vipande vitatu. Mukimukamata leo, nani atamaliza? Weye? Lete mukono." Akaukamata mkono wa yule mkubwa wao, akaugeuza. "Mukono wa kushika kalamu. Na weye? Lete. Huyu pia kalamu. Basi mutaniacha na soksi moja, barabara yote inacheka Katanga?"

Vijana walitazamana. Ukisema hivyo, kweli, ilikuwa aibu kwa nchi. Mmoja wao aliinama akautazama msalaba kwa karibu, akauliza kama fundi anaweza kutengeneza mwingine mkubwa kwa mlango wa ofisi yao. Fundi alisema anaweza, lakini wangoje foleni. Wakaondoka wakijadiliana kuhusu ukubwa.

Baba aliketi. Aliikunja bendera, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha alimwambia fundi kwamba msalaba ule umelala.

Kazi ikaisha, kama kazi zote nzuri. Kaka yake fundi akatuma neno la mwisho kutoka kambini: jina lao limetajwa, treni yao iko tayari. Fundi alikuja asubuhi na sanduku la vyombo, amevaa shati safi, kumuaga baba. Mimi nilikuwa jikoni na mlango wazi, sikusikia chochote kinachochemka.

"Nakuja kuaga, papa."

"Na kutu?" baba alisema.

"Kutu gani?"

"Chuma inakula kutu. Kila mwaka, mbele ya mvua, inaomba rangi. Nani ataipaka? Niite tena ule wa kesho-kesho?"

Fundi aliweka sanduku chini. Nilimwona anakusanya nguvu zake zote. "Papa, naweza kubaki. Kama kuko kitu ya kunibakisha."

Baba alilisukuma lile sanduku kwa mguu mpaka ukutani. Kisha akaelekeza kidole nyuma yake bila kugeuka.

"Kiko ku cuisine," alisema. "Kinaunguza maharagwe."

Maharagwe yaliungua kweli. Tuliyala hivyohivyo, wote wanne, na mama alisema hajawahi kula matamu kama yale. Ndoa yetu ilifungwa kimya kimya, vita vya mjini vikiwa vimetulia kidogo, na gauni langu lilishonwa na Monitrice, mkono mmoja mbele mmoja nyuma, kama wanavyovaa Ulaya. Alilia kuliko mama yangu.

Toka siku ile sifa zikamfuata. Barabara nzima ilielewa, tena kwa kuchelewa, jinsi mjane yule alivyopanga: kuzidisha vipande viwili, kumlazimisha Bwana Karani, kumweka kijana palepale chini ya pua yake mpaka ampende. Akina mama walimletea mabinti zao wenye mikasa. Wachungaji walimtaja. Monitrice alizipokea sifa kwa kuinamisha kichwa, hakukubali, hakukana. Mimi niliamini kuliko wote. Watoto wangu walilelewa na hadithi hiyo, na binti yangu wa kwanza nilimpa jina lake.

Uzeeni alihamia Kipushi kwa mpwa wake. Tulikwenda kumwona, mimi na mume wangu, sote tumekwisha kuwa na mvi. Tulimkuta amekaa sebuleni, mdogo, utepe shingoni, anapima vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyeviomba. Mume wangu aliona kwamba geti la mpwa linalegea, akatoka na bisibisi kabla hata ya kunywa maji. Tukabaki wawili. Nikamwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia vizuri: kwamba nyumba yangu, watoto wangu na wajukuu wangu wote wametoka kwenye vile vipande viwili alivyovipanga, na kwamba namshukuru.

Alinitazama. Akatazama mlango. Akanivuta kwa utepe mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Niliacha couture," alisema.

"Uliacha nini, Monitrice?"

"Nafasi ya kushonea. Kila kipande, pande mbili. Kitambaa kizito kinaomba nafasi kubwa, na chuma njo kitambaa kizito kupita vyote. Niliacha shibiri nzima kila upande. Nilisahau kama chuma haipindwe ndani." Alishusha pumzi. "Mi nilipanga nini? Sikupanga kintu. Nilikosea, mutoto. Nilipoona bile bipande ku mukokoteni, nilitaka kufa."

Yeye alikuwa ameanza, akaendelea.

"Na ule fundi wako sikumutaka. Miye nilikuwa nakutakia ule wa misheni. Suti muzuri, maneno muzuri. Kwa nini nilikuwa nakutuma kule na keki kila juma?"

"Kwa ajili ya bawaba, Monitrice."

"Bawaba," alisema kwa huruma. "Alizipenda, lakini, keki zangu?"

"Alizila fundi."

Alifunga macho. Nilidhani nimemuumiza, nikamshika mkono. Kupitia dirisha tulimwona mume wangu amechuchumaa chini ya geti la watu, mzee mzima, anaongea peke yake na bisibisi. Monitrice alifungua macho akamtazama kwa muda, kichwa upande, kama alivyowatazama wote.

"Ule wa misheni nilisikia alioa mara tatu," alisema.

"Mara nne, Monitrice."

"Huyu anakupiga?"

"Hapana."

"Anakuchekesha?"

"Kila siku."

Alikitafakari hicho. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kazi ya mwanafunzi.

"Basi nilikosea muzuri," alisema.

Kicheko kilianzia kwake, kidogo, puani, kikaja kwangu, na hatukuweza tena kukishika. Tulicheka tumeshikana mikono mpaka mpwa akachungulia kutoka jikoni. Mume wangu aliingia akijifuta mafuta vidoleni, akauliza tunacheka nini. Tukamwambia wote wawili kwamba hakuna kitu.